Namna ya Kumpakia Rebeka

Nilipompa fundi ile karatasi, hakuitazama picha kwanza. Aliigeuza, akaigusa nyuma kwa kidole gumba, akasema karatasi ni nyepesi. Kisha akaiegemeza kwenye ubao wa bucha aliokuwa ameuanika ukauke, akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono.

"Mwalimu, wekundu huu si wake. Huu ni wa mashine."

Sikubishana. Nilikuwa nimeichapisha kwenye saiba moja hapa Voi, ukubwa wa A3, na mashine ilikuwa imeishiwa na wino mmoja ikafidia kwa mwingine. Kijana wa saiba alinihakikishia kuwa picha za zamani ndivyo zilivyo. Fundi, ambaye ameandika mabango ya maduka ya mji huu tangu mimi bado nafundisha, aliona hila hiyo kwa dakika moja, na alikuwa hajawahi kuiona picha yenyewe wala kumsikia aliyeichora.

Aliyeichora ni Eugène Delacroix, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1798 na kufa mwaka 1863. Picha inaonyesha kutekwa kwa Rebeka, na aliitoa kwa umma mwaka 1846, kwenye maonyesho makuu ya sanaa ya Paris. Ni rangi ya mafuta juu ya kanvasi, na wala si kubwa: urefu unapita mita moja kwa unywele, upana ni sentimita 82 hivi. Dirisha la kioski. Tangu mwaka 1903 ni mali ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na tangu Februari 2017 jumba hilo limeruhusu mtu yeyote achukue bure nakala za kazi zake zisizofungwa na hakimiliki. Ndivyo ilivyofika kwenye simu yangu, na kutoka simuni hadi kwenye ubao wa bucha.

Kisa ni cha riwaya. Walter Scott wa Uskoti aliitoa Ivanhoe mwishoni mwa mwaka 1819, akiiweka hadithi yake Uingereza ya karne ya 12, enzi za mfalme Richard. Rika langu wengi tuliikuta shuleni katika vile vitabu vilivyofupishwa hadi vikabaki mifupa. Rebeka ni binti wa Kiyahudi anayejua kutibu, babake ni Isaac wa York. Amefungiwa katika ngome ya Torquilstone, na anayemtamani ni Brian de Bois-Guilbert, mmoja wa wale watawa wapiganaji walioitwa Templar, aliyekula kiapo cha kutogusa mwanamke. Ngome inashambuliwa, inawaka moto, na Bois-Guilbert anatoroka naye katikati ya vurugu.

Sasa, mtu akipewa kisa hicho akichore, atachora nini? Pengine upanga uliochomolewa, au mkono wa yule Templar umemshika msichana kiunoni, na msichana kinywa wazi. Scott mwenyewe anamsaidia mchoraji wa namna hiyo, kwa sababu katika kitabu Rebeka anapiga mayowe anapobebwa kutoka chumbani. Ukurasa kidogo baadaye tunamkuta tayari yuko juu ya farasi, mbele ya mmoja wa watumwa wa Templar, na safari inaendelea. Kati ya mayowe na safari hakuna kitu. Scott amepita mbio, kama dereva anayeruka stendi isiyo na abiria.

Delacroix ameshuka hapo hapo kwenye stendi iliyorukwa. Anauliza swali ambalo mwandishi hakujali kulijibu: huyu mtu aliwekwaje juu ya farasi? Na picha yote ni jibu la swali hilo. Watumwa wawili wanampakia. Rebeka hapigi kelele, amezimia, mwili umelegea, na kila kiungo chake kinataka kurudi ardhini. Farasi hajatulia. Miili imefungamana kiasi kwamba inabidi uifuate kwa kidole ujue mkono huu ni wa nani.

Nilikwama muda mrefu kwenye ule ulegevu. Nilizaliwa juu huko milimani, upande wa Werugha, siku ambazo mgonjwa aliteremshwa kwa machela hadi gari linapofika. Nimewahi kushika ncha moja ya machela nikiwa kijana. Waliobeba wanajua kuwa mtu aliyezimia ni mzito kuliko mtu yule yule akiwa macho. Mwenye fahamu hujibeba kidogo, hukaza shingo, hushika nguo yako. Aliyezimia hana msaada wowote kwako, kila unapoinua upande mmoja, mwingine unateleza. Mayowe hayachoreki, maana kanvasi haina sauti, na kinywa kilichoachama kwenye picha huchosha haraka kikaonekana kama cha mtu anayepiga miayo. Delacroix ameyauza mayowe, akanunua uzito. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo biashara bora kabisa aliyoifanya katika picha hii, na aliifanya bila kuomba ruhusa ya mwenye kitabu.

Hakuanza akiwa na ujasiri huo. Mwaka 1823, akiwa kijana wa miaka 25, alichora kisa kingine cha Ivanhoe: Rebeka yuko dirishani akimsimulia Ivanhoe aliyejeruhiwa jinsi vita vinavyokwenda nje ya ngome. Alichora alichoambiwa na kitabu. Msimuliaji yuko dirishani, msikilizaji kitandani, nasi tunawatazama wote wawili wakitazama vita ambavyo hatuvioni. Ilimchukua miaka 23 kurudi kwa Rebeka na kuchora kile ambacho kitabu hakikumwambia. Mwaka 1858 alirudi mara ya tatu, akapanga upya tukio lile lile la kutekwa, na picha hiyo iko Louvre, Paris. Wapo wanaoipenda zaidi hiyo ya mwisho. Mimi nabaki na ya 1846.

Miaka hiyo 23 hakuipoteza. Mwaka huo huo wa 1823 alijiandikia kwenye shajara yake kuwa hana budi kuanza kuchora farasi, na kwamba aende zizini kila asubuhi. Fikiria mchoraji ambaye tayari ameonyesha kazi zake Paris akijipangia kwenda kunusa mavi ya farasi alfajiri kama mwanafunzi. Mwaka 1832 alisafiri Moroko na Algeria pamoja na ujumbe wa serikali yake, akajaza madaftari, na karibu na Tangier akashuhudia farasi wawili wakipigana. Farasi anayepakiwa Rebeka ametoka huko, hakutoka kitabuni. Farasi wa kitabuni husimama pale mwandishi anapotaka. Huyu wa picha amehisi moto nyuma yake, na wanaompakia wana kazi mbili kwa mpigo, kuinua mtu na kuzuia mnyama.

"Hapa katikati amekata njia," fundi akasema.

Nilidhani anazungumzia kasoro ya uchapishaji. Kumbe alikuwa akionyesha pengo kati ya kundi la mbele na ngome inayowaka. Ardhi wanayosimama watu imeinuka karibu sana nasi, halafu ghafla macho yanaangukia ngome, mbali na chini, bila kuonyeshwa mteremko ulioko kati. Wataalamu wa sanaa wamelisema jambo hilo kwa maneno mengi. Mtu wa Sagalla hahitaji kuelezwa. Panda kilima cha Sagalla, simama ukingoni, tazama kaskazini: miguuni pako kuna mawe na nyasi unazoweza kuzihesabu, na baada ya hapo ni mji wa Voi, mabati yakimeta, reli mbili, ya zamani na mpya, na nyika ya Tsavo hadi upeo wa macho. Huoni mteremko ulioupanda kwa jasho. Umejificha chini ya miguu yako. Hapo moyo hushtuka kidogo, na Delacroix anautaka mshtuko huo. Angetuchorea njia ya kutoka ngomeni hadi hapa, tungeitembea kwa macho tukapumzika. Ameiondoa, kwa hiyo moto uko mbali na pia uko mgongoni.

Fundi alichuchumaa, akaisogelea picha. "Alianza na giza. Angeanza na mwanga, moshi ungekuwa pamba."

Hapo tukaingia kwenye mambo ya karakana, ambayo yeye anayajua kuliko mimi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Nguo hukauka maji yakitoka. Mafuta ya mbegu za kitani, yale yanayochanganywa na unga wa rangi, hukauka kwa kunywa hewa, na hugandamana polepole, siku hata wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo kuna kanuni ya tabaka ambayo haisamehe: la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi, la sivyo la juu litawahi kukauka na baadaye kupasuka. Fundi anaijua kwa njia ya andakoti na glosi, na kwa njia ya milango iliyomrudia ikiwa imebabuka. Moshi nao huchorwa juu ya giza lililokwisha kukauka, kwa rangi nyembamba inayoburutwa kwa brashi karibu kavu, giza likichungulia kati ya nyuzi za brashi. Huwezi kuharakisha. Ukitia moshi juu ya giza bichi, unapata matope.

Nilimuuliza kuhusu ule wekundu wa ardhi na wa mavazi, tukiondoa makosa ya mashine. Akacheka, akaokota kibonge cha udongo mlangoni pake. Rangi nyingi za hudhurungi na nyekundu za wachoraji wa zamani ni udongo mtupu, udongo wenye kutu ya chuma, ule ambao maseremala wetu waliuita ngeu na kuutumia kupigia mistari kwenye mbao. Kutu hiyo hiyo ndiyo inayoufanya udongo wa Tsavo uwe mwekundu, na tembo wakajipaka hadi mgeni akadhani wamezaliwa hivyo. Delacroix aliuchukua, akaupa jirani wa kijani ili uwake. Huo ulikuwa ujuzi wake mkubwa: alijua kuwa rangi haiwaki peke yake, huwashwa na iliyo kando yake. Hata kwenye vivuli vyake vingi utakuta rangi nyingine iliyonyamazishwa. Husemwa kwamba alitumia saa nyingi kuandaa rangi kwenye kibao chake kabla ya kuanza, toni baada ya toni, hata kibao chenyewe kikawa kitu cha kutazamwa. Naamini, kwa sababu nimemwona fundi akichanganya kijani kimoja cha duka la dawa kwa asubuhi nzima na mteja akilalamika kuwa kazi haijaanza.

Picha ilipoonyeshwa mwaka 1846 wakosoaji kadhaa hawakuipenda. Walisema haikumalizika. Mistari inatetereka, brashi zinaonekana, sehemu nyingine ni kama kazi ya mtu aliyeitwa chakula. Charles Baudelaire, mshairi aliyekuwa na miaka 25 tu, aliitetea katika maandishi yake kuhusu maonyesho ya mwaka huo, na historia ikaegemea upande wake. Lakini utetezi ulionikaa ni wa fundi. Nilimsomea lawama zile. Alifikiri, akanionyesha ubao wake wa bucha.

"Huu utakaa barabara ya Mombasa, Mwalimu. Lori linapita. Nikichora kila unywele wa ng'ombe, dereva ataona doa. Naacha vitu ili aone ng'ombe."

Delacroix naye alikuwa akichora kitu kinachopita kwa kasi. Tazama alipomaliza na alipoacha. Pale uzito wa Rebeka unapokutana na mikono inayomwinua, amefanya kazi kwa makini. Kadiri unavyosogea pembeni, brashi inaanza kukimbia, na kule ngomeni ni madoa ya moto na moshi yanayokataa kuwa kitu ukiyakaribia. Jicho la mtu aliye kwenye vurugu ndivyo linavyoona. Uliza aliyenusurika ajali: atakuambia rangi ya kiatu cha mtu, na hatajua basi lilikuwa la kampuni gani.

Jambo moja halikuniacha. Wale wanaopakia ni watumwa. Scott anawaita Wasaraseni, jina ambalo Wazungu wa zamani walimpa Mwislamu yeyote, na anawafanya weusi. Kitabu kilipotoka, baadhi ya wakosoaji walilalamika kuwa watumwa weusi hawana nafasi katika Uingereza ya karne ya 12, naye akaandika maelezo ya kujitetea yaliyochapishwa pamoja na riwaya. Mabishano yote yalihusu kama ngozi yao inafaa kwenye hadithi. Hakuna aliyeuliza walikuwa wanafanya kazi gani humo. Delacroix, bila kusema neno, amewapa fundo la picha. Anayeamuru ni Templar, lakini misuli inayokaza ni yao, na ukitaka kujua Rebeka ni mzito kiasi gani lazima usome migongo yao. Sidai kwamba alikuwa mtetezi wao. Nasema tu kuwa mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa kazi, na kazi ilikuwa ikifanywa na watu hao.

Mwaka huo wa 1846, wamisionari Krapf na Rebmann walikuwa wakianzisha misheni yao Rabai. Mwaka uliofuata Rebmann alifika Taita, na Mei 1848 akapita tena nchi hii akaona theluji ya Kilimanjaro. Njia aliyoifuata ilikuwa njia ya misafara, na misafara ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu. Paris ilipokuwa ikibishana kuhusu brashi za Delacroix, huku nyikani palikuwa na wapakiaji na wapakiwaji wa kweli, na hakuna aliyekuwa na kanvasi.

Tangu hapo tumeandikwa. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kwa Kiswahili, na mtu akitaka visa vya kuchora atavikuta humo vimejaa. William Boyd, mwandishi Mskoti aliyezaliwa Accra, alitoa An Ice-Cream War mwaka 1982, riwaya ya vita vya kwanza vya dunia ambamo Mmarekani mwenye shamba la mkonge karibu na Taveta anapoteza nyumba na mashine yake ya kuchakata mkonge. Ukipita leo kutoka Mwatate kwenda Taveta, mistari ya mkonge ikikukimbilia pande zote mbili, unaelewa kwa nini mtu angeomboleza mashine.

Na kuna Salaita, kilima kidogo kabla hujafika Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, likiwa na Waafrika Kusini wengi waliofika karibuni, lilikishambulia. Mizinga ilitwanga kileleni, ambako mahandaki yalionekana. Wapiganaji wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, walikuwa chini, kwenye mahandaki yaliyofunikwa na kichaka. Washambuliaji wakarudi nyuma na hasara. Kuna mbuyu huko ambao watembeza wageni husimulia kuwa mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga watu shabaha. Mchoraji mvivu atakimbilia mbuyu na mwanamke wake, na picha itauzwa hotelini.

Mimi ningempeleka mchoraji nyuma ya mstari. Vitabu vya vita husema maji yalipelekwa, risasi zilipelekwa, majeruhi waliondolewa. Kila tendo hapo limekosa mtendaji. Waliopeleka ni wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo. Namna mtu alivyotwishwa mzigo, nani alimshikia upande wa pili, magoti yalikaaje alipoinuka: hayo vitabu vimeyaruka, kama Scott alivyoruka farasi. Picha moja ya kupakia, yenye ukubwa wa dirisha la kioski, ingenitosha.

Nilimwambia fundi hivyo. Hakujibu. Aliuliza kama ile karatasi ni yangu au naazima, nikamwachia. Sasa imebandikwa juu ya makopo yake, na nikipita namwona ameweka kipande cha plaiwudi kando yake, kimepakwa giza tu, kinakauka.

Wewe msomaji, picha iko kwenye tovuti ya Metropolitan, bila malipo. Ukienda kuichapisha, simama karibu na mashine, na umwambie kijana wa saiba apunguze wekundu.